Malazi Bora, Usingizi Bora: Somo la Robo Hii kwa Kamati za Parokia



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku, lakini ni nadra kuliona kwenye ajenda ya kikao cha kamati. Jambo hilo ni kulala. Tunahesabu visima, madawati, mifuko ya saruji na wanafunzi waliolipiwa ada, lakini hatuulizi kaya imelalaje. Wakati huo huo, vifaa vya kulalia ni miongoni mwa misaada inayofika mara kwa mara katika parokia zetu: magodoro, mablanketi, mashuka na vyandarua. Kamati huvigawa, huandika idadi, hupiga picha na kazi huishia hapo.

Somo hili lina ujumbe mmoja. Godoro ni sehemu moja tu ya malazi. Mtu hulala vizuri pale mambo manne yanapokwenda pamoja: kitanda kilichoinuka kutoka sakafuni, tandiko linalopitisha hewa, chandarua kinachotumika kweli, na chumba kisichoficha wadudu wala moshi. Kamati ikitoa kimoja na kusahau vingine, fedha za wafadhili zitakuwa zimetumika lakini mtoto ataendelea kujikuna na kugeukageuka hadi alfajiri.

Tumechukua Zuzu kuwa mfano wetu kwa sababu hali yake inafanana na ya vijiji vingi vya uwanda wa kati, na kwa sababu nyumba za eneo hilo zinabadilika haraka.

Malengo ya somo

Baada ya kujifunza somo hili, wajumbe wa kamati waweze:

1. Kueleza kwa nini joto, jasho na baridi huvuruga usingizi.
2. Kutofautisha vifaa vya kulalia vinavyopitisha hewa na visivyopitisha.
3. Kueleza homa ya papasi inavyohusiana na mahali mtu anapolala.
4. Kupanga matumizi ya msaada wa malazi kwa kufuata mahitaji ya kaya.

1. Zuzu: usiku wa aina mbili

Zuzu ni kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma. Uwanda huu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni chache, kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi.

Kwa upande wa usingizi, jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka una usiku wa aina mbili. Mwezi Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, na kuta hubaki na joto hadi usiku mwingi. Mwezi Juni na Julai alfajiri huwa na baridi ya nyuzi 13 au 14, na upepo huongeza ukali wake. Kwa hiyo kaya ya Zuzu inahitaji malazi yanayoweza kuongezwa na kupunguzwa. Blanketi moja zito la sintetiki halifai kwa misimu yote miwili.

Nyumba nayo ina mchango wake. Tembe la Wagogo, lenye kuta za miti na udongo na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Mchana ndani kuna ubaridi mzuri, na usiku wa Julai kuna uvuguvugu. Udhaifu wake ni madirisha madogo au kutokuwepo kabisa kwa madirisha, moshi wa jiko, na nyufa nyingi. Nyumba ya bati hufanya kinyume chake. Bati hupata moto upesi jua linapowaka na hupoa upesi jua likizama. Jioni ya Oktoba chumba huwa kama tanuri, na alfajiri ya Julai baridi hushuka kutoka juu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi umeongezeka sana, na tofali na bati vinachukua nafasi ya tembe. Hayo ni maendeleo, lakini tusidhani kwamba bati peke yake limemaliza tatizo la kulala.

2. Mwili unahitaji nini ili ulale

Jioni, kabla ya usingizi, joto la ndani ya mwili huanza kushuka kidogo. Mwili hupeleka damu kwenye ngozi, hasa ya mikono na miguu, ili joto litoke. Joto likitoka vizuri, usingizi huja. Likizuiliwa, mtu hugeukageuka. Jasho nalo husaidia kupoza mwili, lakini kwa sharti moja: ni lazima likauke. Jasho linalobaki kati ya ngozi na nailoni halipozi mwili. Hulowesha nguo, huleta vipele vya joto kwa watoto, na ifikapo alfajiri ule unyevu hugeuka kuwa baridi.

Hii ndiyo maana ya tandiko linalopitisha hewa. Huruhusu mvuke wa jasho kutoka na hewa kavu kuingia.

Kuna ushahidi kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima usingizi wa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, pamoja na jamii nyingine za uwindaji za kusini mwa Afrika na Bolivia. Watu hao hawana umeme, hata hivyo hawakulala mara jua lilipozama. Kwa wastani walipata usingizi saa tatu na zaidi baada ya magharibi, wakati hali ya hewa ikiendelea kupoa, na wengi waliamka karibu na saa ile ya baridi kuliko zote. Mababu zetu waliokaa nje wakizungumza hadi nyumba ipoe walifuata kanuni hiyo hiyo.

Je, mtu anahitaji saa ngapi? Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 7 au zaidi kwa mtu mzima, saa 8 hadi 10 kwa kijana wa sekondari, na saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Mwanafunzi anayesinzia darasani huenda si mvivu. Kabla ya kumlaumu, tuulize amelala wapi na juu ya nini.

3. Vifaa vya kulalia: kipi kinapitisha hewa?

*Godoro la sponji.* Ndilo linalotumika zaidi siku hizi, na jina la mji wetu limekuwa maarufu nchini kama jina la godoro. Sponji ni nyepesi na laini, lakini hushika joto, hasa ile laini sana inayomzamisha mtu. Sponji nzito kiasi, inayorudi haraka ukiibonyeza, hudumu zaidi na humwacha mtu juu ya godoro, hewa ikimzunguka.

*Nailoni ya dukani.* Hapa ndipo penye kosa linaloonekana katika kaya nyingi. Godoro hununuliwa likiwa limefungwa nailoni, na nailoni ile huachwa miezi au miaka ili godoro lisichafuke. Nia ni njema kwa sababu godoro ni ghali. Lakini mwenye godoro hilo ni kama amelala juu ya mfuko wa plastiki. Jasho halina pa kwenda. Nailoni iondolewe yote na mahali pake pawekwe kava la pamba linaloweza kuvuliwa na kufuliwa.

*Pamba.* Shuka la pamba hunyonya jasho na kulitoa hewani. Hufulika na hustahimili maji ya moto. Udhaifu wake ni kwamba hukauka polepole, hivyo lianuliwe likiwa limekauka kabisa. Kitambaa cha amerikani kinafaa sana kwa makava. Kitambaa hicho si kigeni kwetu. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi kwa vitambaa, na merikani, pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, ilikuwa miongoni mwake. Leo tunaweza kuikabidhi kwa fundi cherehani wa kijijini.

*Sufi.* Kabla ya sponji kuenea, magodoro mengi yalijazwa sufi kutoka kwenye tunda la msufi. Nyuzi zake ni nyepesi, zina hewa ndani na hazishiki maji upesi. Baada ya muda hugandamana, hivyo godoro lifunguliwe, sufi ichambuliwe na kuanikwa. Liwekwe mbali na kibatari na jiko, kwa kuwa sufi hushika moto haraka.

*Gunia lililojazwa nyasi au maganda makavu ya mahindi.* Mtu asilidharau. Likishonwa kwa gunia la katani au juti, hupitisha hewa vizuri na huzuia baridi ya sakafu. Majani yabadilishwe kila yanapopondeka au kupata unyevu. Lisishonwe kwa mfuko wa salfeti, kwa kuwa ule husumbua kama nailoni.

*Mkeka na ngozi.* Mkeka wa ukindu ni wa baridi na unafaa wakati wa joto. Ngozi ya ng'ombe humtenga mtu na ardhi. Vyote vinapotandikwa sakafuni vina hatari ambayo tutaieleza katika sehemu ya nne. Vikitandikwa juu ya kitanda chenye chaga, ni malazi mazuri.

*Blanketi.* Nguo mbili nyepesi hushika joto kuliko moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati ndiyo inayozuia baridi. Kwa hiyo shuka la pamba lililo karibu na ngozi pamoja na blanketi la wastani juu yake vinafaa zaidi kwa misimu yetu. Oktoba blanketi linaondolewa, Julai linarudishwa. Tukumbuke pia kwamba baridi nyingi hutoka chini. Anayelalamika baridi juu ya godoro jembamba anahitaji gunia au mkeka chini ya godoro kabla ya kuongezewa blanketi.

*Chaga.* Godoro linalowekwa juu ya ubao mzima au sakafu hupata unyevu na ukungu upande wa chini. Chaga zenye nafasi ya vidole viwili au vitatu huruhusu hewa kupita. Hata kitanda cha miti cha teremka tere kinatosha, mradi kiko imara na kimeinuka.

4. Papasi: kwa nini kitanda kiinuke

Katika mkoa wa Dodoma suala la mahali pa kulala limegusa uhai wa watu. Papasi ni kupe laini anayeishi katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Mchana hujificha. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha hurudi kwenye ufa wake. Mara nyingi anayeumwa haamki. Papasi anaweza kukaa muda mrefu sana bila chakula, hata miaka, hivyo nyumba iliyohamwa si salama kwa sababu tu imekaa tupu.

Papasi hubeba vimelea vya homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali, kichwa na viungo kuuma. Baada ya siku chache homa huisha na watu hushukuru kuwa amepona. Baada ya kama wiki moja homa hurudi. Kwa kuwa dalili zinafanana na za malaria, ugonjwa huu unaweza kupita bila kutambuliwa, isipokuwa damu ikipimwa kwa darubini na mtu anayejua anachotafuta.

Uhusiano wa ugonjwa huu na mahali pa kulala unajulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1905, Joseph Everett Dutton na John Todd walionyesha huko Kongo kuwa papasi ndiye anayeueneza. Dutton mwenyewe alifariki huko mwaka huo huo. Katika kipindi hicho hicho Robert Koch, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuta papasi katika mabanda ya kulala wasafiri kando ya njia za misafara. Njia kuu ya misafara ya bara ilipita Ugogo.

Karibu zaidi na nyumbani, Hospitali ya Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, imekuwa kitovu cha tafiti za homa hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulihusu wajawazito waliougua, na ulionyesha kwamba karibu nusu ya mimba hizo zilipotea, kwa kuharibika au kwa mtoto kufariki karibu na wakati wa kuzaliwa. Utafiti mwingine, wa mwaka 1998, ulionyesha kwamba kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza ugonjwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2007 iliripotiwa kuwa vimelea vya jamii hiyo vilipatikana pia katika kuku na nguruwe wa eneo hilo. Tukilaza kuku chumbani, tunawapa papasi chakula cha ziada.

Kutokana na hayo tunapata mafundisho matano ya vitendo:

1. Asilale mtu sakafuni ikiwa kitanda kinawezekana. Watoto ndio hulazwa chini wageni wanapofika, na wao ndio wanaodhurika zaidi.
2. Kitanda kisiguse ukuta, na shuka au blanketi lisining'inie hadi chini. Ukuta na nguo ni ngazi ya papasi.
3. Nyufa za sakafu na kuta zizibwe kwa udongo laini na kurudiwa kila mwaka baada ya mvua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa usipozibwa, tunauguza.
4. Kuku na mifugo wapewe banda lao.
5. Homa inayopona na kurudi ipelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, hasa kwa mjamzito na mtoto. Ugonjwa unatibika kwa dawa za antibiotiki zinazotolewa na mtaalamu.

Kitanda kilichoinuka hakizuii papasi wote, kwa kuwa wanaweza kupanda miguu ya kitanda. Lakini kinawapunguza, na kikiunganishwa na chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, kinga huwa kubwa zaidi.

Neno kuhusu kunguni. Hao hukaa kwenye viungo vya kitanda na mishono ya godoro. Kuanika godoro juani husaidia kukausha unyevu, lakini hakuwamalizi, kwa sababu hukimbilia upande wa kivuli. Viungo vya kitanda vimwagiwe maji yanayochemka, makava na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na kazi irudiwe baada ya wiki moja au mbili kwa ajili ya mayai.

5. Chandarua na malalamiko ya joto

Tanzania imefanya kazi kubwa katika vyandarua. Mpango wa Hati Punguzo uliwasaidia wajawazito na watoto wachanga kuanzia mwaka 2004 hadi 2014. Kampeni ya kugawa vyandarua kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilifanyika kati ya 2008 na 2010, ikafuatiwa na ile ya kaya zote hadi 2011. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu mwaka 2003. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, lakini kidogo si sawa na hakuna.

Katika nchi nyingi, watu wakiulizwa kwa nini hawakutumia chandarua usiku uliopita, jibu linalotajwa sana ni joto. Malalamiko hayo ni ya kweli, kwa kuwa matundu ya chandarua hupunguza mwendo wa hewa. Kumwambia mama avumilie tu hakusaidii. Tumsaidie kupunguza joto kwa njia nyingine: aondoe nailoni kwenye godoro, atandike pamba, aondoe blanketi zito wakati wa Oktoba, na afungue tundu la juu ukutani lenye wavu. Chandarua cha pembe nne humpa mtu nafasi zaidi kuliko cha duara, na hakigusi ngozi.

Chandarua kipya kianikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kutumika. Kikifuliwa, kitumike maji baridi na sabuni ya kawaida, na kikaushwe kivulini, maana jua kali huharibu dawa.

6. Wanaohitaji uangalizi wa pekee

*Mtoto mchanga.* Alazwe chali, juu ya tandiko tambarare na gumu kiasi, bila mto, na asifunikwe kichwa wala uso kwa blanketi. Nchi zilizofundisha wazazi kulaza watoto chali kuanzia miaka ya 1990 zilishuhudia vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikipungua kwa zaidi ya nusu. Wakati wa baridi, njia salama ya kumpasha joto mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mama akiwa macho.

*Mtoto anayekojoa kitandani.* Hapa ndipo nailoni ina kazi. Kikatwe kipande cha kutosha sehemu ya katikati tu, kiwekwe chini ya kava, na juu yake ikunjwe khanga kuukuu mara mbili au tatu. Mtoto asiaibishwe.

*Mzee.* Kitanda kiwe cha kimo anachoweza kukalia miguu ikigusa chini. Kitanda kirefu mno humwangusha usiku.

*Wote.* Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata Julai. Gesi yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

7. Igizo fupi kwa kikao

Wajumbe wawili waigize mazungumzo haya mbele ya wenzao. Ni ya kubuni, kwa ajili ya mafunzo.

*Mjumbe:* Hodi! Hodi hapa!

*Bibi:* Karibu, mwanangu.

*Mjumbe:* Shikamoo, bibi.

*Bibi:* Marahaba. Za huko kwenu?

*Mjumbe:* Njema, bibi. Nimetumwa na kamati. Tunazungukia kaya kuulizia habari za malazi. Kama utaniruhusu tuzungumze, nitashukuru.

*Bibi:* Kaa hapo kwenye kigoda. Godoro lenu lipo. Nimelitunza, hata nailoni yake sijaitoa.

*Mjumbe:* Nakushukuru kwa kulitunza. Wajukuu wanalalaje juu yake?

*Bibi:* Wanatoka jasho, wanashuka wanalala chini kwenye mkeka. Chandarua nacho wanasema kinawabana.

*Mjumbe:* Na kitanda umekiweka wapi, bibi?

*Bibi:* Pale ukutani. Najua mtasema nikisogeze. Lakini paa linavuja katikati ya chumba. Nikikisogeza, mvua itatulowesha.

Baada ya igizo, mwenyekiti aulize kikao: kaya hii inahitaji nini kwanza? Wengi watasema shuka au godoro la pili. Jibu limo katika maneno ya bibi. Paa likizibwa, kitanda kitatoka ukutani. Nailoni ikitolewa na kava likiwekwa, watoto watarudi kitandani. Wakirudi kitandani, chandarua kitawafunika. Ndiyo maana mjumbe anatakiwa kuuliza na kusikiliza kabla ya kushauri. Chumba cha kulala ni faragha ya mtu. Tusiingie bila kukaribishwa, na tusipige picha ya kitanda cha mtu.

8. Kupanga matumizi ya msaada

Tunashauri kamati ifuate ngazi tatu.

*Ngazi ya kwanza, nguvu kazi.* Kuziba nyufa na paa, kutengeneza banda la kuku, kusogeza kitanda, kuondoa nailoni, kuanika malazi, kufungua tundu la hewa. Vijana wa parokia wanaweza kusaidia kaya za wazee na wajane kwa siku moja moja.

*Ngazi ya pili, gharama ndogo.* Makava ya amerikani, khanga za ziada, chaga, vitanda vya fundi seremala wa hapo hapo, kamba za kufungia chandarua. Kikundi cha akina mama chenye cherehani kipewe kazi ya kushona makava kwa malipo. Kwa njia hiyo fedha hubaki kijijini, na kava likichanika mshonaji yupo.

*Ngazi ya tatu, gharama kubwa.* Magodoro na mablanketi, kwa kaya zilizokwisha kupita ngazi mbili za kwanza au zile zisizo na chochote.

Bei hubadilika, hivyo mhazini achukue bei za wauzaji watatu, kwa mfano Soko la Majengo mjini, na aziweke kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya kununua.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni kaya ngapi ambazo watoto hulala sakafuni? Tunajuaje?
2. Misaada ya malazi tuliyogawa mwisho iko wapi leo, na inatumikaje?
3. Nani katika parokia yetu anaweza kushona, kupiga randa au kukandika?
4. Je, zahanati yetu inaweza kupima homa ya papasi? Kama haiwezi, mgonjwa apelekwe wapi?

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa ukarimu wenu. Tuna ombi moja. Tuseme fedha mlizotuma zinatosha kununua magodoro mia moja. Kamati iliyofuata somo hili inaweza kuwaandikia kwamba imenunua magodoro hamsini tu, na kwamba fedha zilizobaki zimetengeneza vitanda, makava, sakafu na mapaa ya kaya hizo hamsini. Tafadhali msione kuwa lengo halikufikiwa. Idadi ya magodoro ni rahisi kuihesabu kwenye picha, lakini taarifa tunayotaka kuwaletea ni ya namna nyingine: watoto wangapi waliokuwa wakilala chini sasa wanalala kitandani, ndani ya chandarua, hadi asubuhi, na baada ya mwaka mmoja bado wanalala hivyo.

Kamati zitakazotumia somo hili zitume majibu ya maswali hayo manne pamoja na taarifa ya robo mwaka. Tunawatakia kazi njema, na usiku mwema.